Kioo cha mbele cha pikipiki kinapasuka kwenye matundu ya bolti wakati wa baridi: tatizo ni baridi au ufungaji?

MwendoWastani

Wakuu, naomba msaada wa wanaoyajua haya mambo. Pikipiki inatumika mwaka mzima na majira ya baridi joto hushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Kioo ni kile kirefu cha plastiki kinachofungwa kwenye usukani, unene milimita 3, kimeshikwa na bolti nne za M5 (kipenyo milimita 5), mbili juu na mbili chini. Umbali kati ya bolti ya kushoto na ya kulia ni sentimita 40.

Matundu mawili ya juu yameanza kuota nyufa. Ufa mmoja umeshatembea kama sentimita 2 kuelekea katikati. Kuzunguka matundu yote kuna vistari vyeupe vyembamba kama nywele, huvioni mpaka umulike tochi kwa pembeni. Hakuna jiwe lililogonga.

Ninachotaka kujua: je, plastiki inakuwa dhaifu kwenye baridi kiasi cha kupasuka yenyewe? Nikinunua kingine, kati ya zile plastiki mbili angavu nichukue akriliki au polikaboneti? Na huu ufa unaweza kuzuiwa usiendelee? Asubuhi barafu inayoganda juu yake huondolewa kwa maji ya moto kutoka kwenye birika, na bolti zinakazwa kila mara kwa sababu kioo kinatikisika.

---

Spana_Kumi

Mkuu, sentensi yako ya mwisho imejibu nusu ya swali. Lakini tuanze na matundu.

Plastiki husinyaa kwenye baridi kuliko chuma, na kwa tofauti kubwa. Akriliki na polikaboneti zinakaribiana: mita moja husinyaa takribani milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka. Alumini ni 0.023, chuma ni 0.012. Sasa chukua kioo chako. Kimefungwa gereji kwenye nyuzi 20, kikatoka nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 35. Kati ya bolti zako za kushoto na kulia, sentimita 40, plastiki inataka kusinyaa karibu milimita 1. Chuma kilichoishikilia kinasinyaa chini ya milimita 0.2. Ile 0.8 iliyobaki lazima itoke mahali fulani. Kama tundu lina nafasi, bolti inasogea ndani ya tundu na hakuna kinachotokea. Kama tundu limebana bolti, kioo kinavutwa kila upande usiku kucha.

Mvuto wenyewe si mkubwa sana, kwa akriliki iliyobanwa kabisa ni kama megapaskali 6 (kipimo cha mkazo). Tatizo ni kwamba ukingo wa tundu huukuza mara tatu hivi, unafika 18. Akriliki mpya ikivutwa mara moja haivunjiki hadi karibu 70, lakini kwa mzigo wa kudumu kanuni ya kawaida ni kutozidi kama 10, la sivyo vinaanza vile vistari vyeupe ulivyoviona. Vile si mikwaruzo. Ni nyufa changa, na zinakwambia mkazo umekaa hapo muda mrefu.

Kwa hiyo pima matundu yako. Kama bolti ni M5 na tundu ni milimita 5 au 5.5, hilo ndilo kosa. Kwa bolti ya M5 inayopita moja kwa moja tundu liwe 6.5 mpaka 7. Kama unatumia nati za mpira, zile za kupachika kwenye tundu ambazo huvimba bolti ikikazwa, tundu lifuate kipenyo cha nje cha ule mpira. Kwa M5 nyingi ni kama milimita 10, lakini pima yako kwanza.

Mpangilio wa kila bolti, kutoka nje kwenda ndani: kichwa cha bolti, washa pana ya nailoni, washa ya mpira, kioo, washa nyingine ya mpira, kisha bano la chuma, halafu nati yenye nailoni ndani. Kichwa kiwe bapa kwa chini. Bolti zenye kichwa cha koni, za kuzama, usiziweke kabisa kwenye plastiki. Koni inafanya kazi ya kabari na kupanua tundu kila unapokaza.

Kukaza: weka bolti zote nne zikiwa legevu, hakikisha kila moja iko katikati ya tundu lake, ndipo ukaze kwa vidole mpaka washa ya mpira iguse, kisha nusu mzunguko. Ukiwa na spana ya kupimia, mara nyingi ni kati ya newtonmita (Nm) 1 na 2. Mwongozo wa kioo chako ukisema tofauti, fuata mwongozo. Mpira ukibinuka na kutokeza nje ya washa umepitiliza.

Kutikisika hakutibiwi kwa kukaza. Kioo kirefu cha milimita 3 kitatikisika tu. Unachohitaji ni mkono wa tatu wa kushikilia au plastiki nene zaidi. Ugumu dhidi ya kupinda huongezeka kwa unene mara unene mara unene, hivyo kutoka milimita 3 kwenda 4.5 unapata ugumu wa zaidi ya mara tatu.

---

Gia_Ya_Nne

Nunua polikaboneti, maliza mjadala. Ile unaipiga nyundo haivunjiki. Akriliki ni ya vioo vya bei rahisi.

---

Maabara_ya_Gereji

@Gia_Ya_Nne punguza kidogo. Nyundo ni kipimo kimoja tu, na kwa hicho kweli polikaboneti inashinda kwa mbali sana. Hata kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri itapokea jiwe ambalo lingeitoboa akriliki. Ila nguvu hiyo ni ya kipande kisicho na jeraha. Kikiwa na mkato mkali, mfano tundu lililotobolewa ovyo likaachwa na meno pembeni, polikaboneti kwenye baridi huacha kupinda na huanza kukatika ghafla, hasa ikiwa nene. Kwa hiyo usafi wa tundu una maana kubwa zaidi kwenye baridi kuliko kwenye joto, kwa plastiki zote mbili.

Jambo la pili ni kemikali, na hapa ndipo watu wengi wanapoua vioo bila kujua. Plastiki iliyo kwenye mkazo ikiguswa na kemikali isiyoipenda hupasuka kwa mkazo mdogo ambao peke yake isingeujali. Kila moja ina maadui zake:

Polikaboneti: petroli, asetoni, thina, mafuta ya breki, na visafishio vyenye amonia. Visafishio vingi vya vioo vya nyumbani vina amonia, soma chupa.

Akriliki: asetoni, thina, petroli pia, na juu ya hapo alkoholi. Hili la alkoholi ndilo la baridi. Dawa za kupuliza za kuyeyusha barafu kwenye vioo vya magari, na maji ya waipa yasiyoganda, kwa kawaida yana alkoholi ya aina moja au nyingine. Kwenye kioo cha gari hazina shida kwa sababu ile ni glasi. Kwenye akriliki iliyobanwa na bolti, vistari vyeupe vinaweza kutokea haraka sana.

Kwa zote mbili: gundi ya kufungia nati isilegee, ile ya majimaji. Ikitiririka kutoka kwenye bolti hadi ukingoni mwa tundu, inakula plastiki pale pale penye mkazo mkubwa. Ndiyo maana Spana_Kumi amesema nati yenye nailoni. Tumia hiyo na gundi usiihitaji. Gundi ya papo hapo nayo usiitie kwenye nyufa, mvuke wake huacha ukungu mweupe na huongeza nyufa ndogo.

Kujua kioo chako ni kipi: tafuta maandishi madogo pembeni chini. Vioo vya pikipiki vinavyofuata kanuni za Marekani huwa na alama AS6, lakini hiyo ni daraja la matumizi, haikwambii ni plastiki gani. Kama hakuna jina, kwangua unyuzi mdogo kutoka ukingo wa chini unaofichwa na bano, ushike kwa koleo, uuwashe nje mahali penye hewa. Akriliki hushika moto kirahisi, huendelea kuwaka yenyewe na harufu yake ni tamu kama ya matunda. Polikaboneti inagoma kuwaka, hutoa masizi meusi, na ukiondoa moto huelekea kuzimika.

---

Spana_Kumi

Naongezea kwenye kununua. Polikaboneti isiyo na ngozi ngumu (tabaka jembamba la kinga) juu yake hukwaruzika hata kwa kitambaa chenye vumbi, na mikwaruzo yake huwezi kuing'arisha vizuri. Yenye ngozi ngumu inavumilia, ila ngozi ikishakwaruzika haitengenezeki. Akriliki unaweza kuisugua kwa msasa laini wa maji na dawa ya kung'arisha ikarudi. Barabara zenye chumvi na mchanga wa majira ya baridi ni msasa tosha, kwa hiyo usifute kioo kikavu. Mwaga maji mengi kwanza, halafu sabuni ya vyombo iliyochanganywa na maji, kwa mkono au sponji laini, suuza, kausha kwa kitambaa cha maikrofaiba kwa kugusiagusia.

Kwa baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, pikipiki ya barabarani, chaguo langu ni polikaboneti ya milimita 4 au 4.5 yenye ngozi ngumu. Unene uko juu kwa sababu polikaboneti ni legevu kidogo kuliko akriliki ya unene uleule. Ukichukua milimita 3 itapiga mbawa zaidi ya hiyo uliyonayo. Mwenye kioo kifupi kilichokaa kwenye fremu, akriliki iliyofungwa vizuri inamtosha kabisa.

---

Kipepeo_Barafu

Kuhusu maji ya birika: acha leo. Plastiki inapitisha joto polepole sana. Ukimwaga maji yanayochemka juu ya kioo cha nyuzi 15 chini ya sifuri, uso wa nje unataka kutanuka wakati upande wa ndani bado umeganda, na penye nyufa changa hapo ndipo panapofunguka. Ngozi ngumu ya polikaboneti nayo hupata nyufa zake yenyewe kwa mtindo huo, kioo kinaonekana kama kimepauka.

Kikwangulio cha barafu cha gari nacho usiguse, hata kile cha plastiki.

Kinachofaa ni kuzuia isigande. Usiku usio na mawingu kioo hutoa joto lake kuelekea angani na kushuka nyuzi kadhaa chini ya hewa inayokizunguka, ndiyo maana unakuta sakitu (umande ulioganda) juu ya kioo wakati kipimajoto kinasoma 1 au 2 juu ya sifuri. Kifuniko chochote kinachozuia kioo kisitazame anga moja kwa moja kinapunguza hilo: turubai, paa, hata mfuko wa kitambaa uliovalishwa kioo peke yake. Kioo kiwe kikavu na safi kabla ya kuvalisha, kwa sababu kifuniko kilicholowa huganda na kushikana nacho, na ukikivuta kwa nguvu unayumbisha kioo kizima kwenye matundu yake.

Barafu ikishaganda na joto liko karibu na sifuri, maji baridi ya bomba yanatosha kuyeyusha sakitu nyembamba. Chini ya nyuzi 5 chini ya sifuri usijaribu, yataganda juu ya ile ya kwanza. Hapo tumia mashine ya kukaushia nywele kwenye joto la chini, umbali wa sentimita 30, ukiielekeza upande wa ndani wa kioo na kuitembeza bila kusimama. Tabaka la barafu linaloshikana na kioo huyeyuka kwanza na barafu yote inateleza. Kiganja chako kisipovumilia joto hilo, kioo nacho kimezidishiwa.

Kioo chenye bano la kufungua haraka ni rahisi zaidi: ingiza ndani usiku. Kikitoka ndani kwenda nje kwenye baridi hakidhuriki, hewa hukipoza taratibu.

---

MwendoWastani

Asanteni sana. Nimepima: matundu ni milimita 5.2, bolti za kuzama zenye kichwa cha koni. Unyuzi umewaka kirahisi na harufu ni ya matunda, kwa hiyo ni akriliki. Na dawa ya barafu ya gari imewahi kutumika juu yake pia.

Maswali mawili tu. Yale makadirio ya ubaridi wa upepo wanayotangaza, nikienda kilomita 100 kwa saa kwenye nyuzi 15 chini, kioo kinafika nyuzi 30 chini? Na je, nikitanua matundu haya na kutoboa mwisho wa ufa, kioo kitamaliza msimu?

---

Maabara_ya_Gereji

La kwanza: hapana. Kipimo kile ni cha ngozi ya binadamu inayozalisha joto. Kioo hakizalishi joto, kwa hiyo upepo unakifikisha kwenye joto la hewa haraka zaidi lakini haukishushi chini yake. Kikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, kitabaki hapo.

Kinachoongezeka ni msukumo. Hewa baridi ni nzito: kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri ina uzito karibu asilimia 15 zaidi ya hewa ya nyuzi 30. Kwa kilomita 100 kwa saa hiyo ni takribani paskali 517 badala ya 450. Kwenye kioo chenye eneo la robo mita ya mraba unazungumzia mzigo wa kama kilo 13. Ukiongeza mwendo hadi 120, unafika karibu kilo 19, kwa sababu msukumo hupanda kwa mwendo mara mwendo. Ukiwa na kioo kilichochoka, kupunguza mwendo kunasaidia kuliko dawa yoyote.

---

Spana_Kumi

La pili. Kinaweza kumaliza msimu, kwa masharti. Ufa ukishafika ukingoni, au ukipita mbele ya macho yako, kioo ni cha kutupa. Na kama matundu yote manne yamezungukwa na vistari, unachelewesha tu. Agiza kingine huku ukitengeneza hiki.

Toa kioo kwenye pikipiki na ukiache ndani mpaka kifike nyuzi 20 hivi. Usitoboe plastiki baridi. Tafuta ncha halisi ya ufa kwa tochi ya pembeni, kwa sababu ufa huwa unaenda mbele kidogo ya pale jicho linapoishia. Weka alama milimita 1 au 2 mbele ya ncha, ili tundu liumeze mwisho wote. Tundu ni la milimita 3.

Biti ya kawaida ya chuma hunasa kwenye akriliki na kuivuta juu kama skrubu, ndipo kipande kinapobanduka. Isugue kingo zake mbili za kukatia kwa jiwe mpaka ziwe bapa, zikwangue badala ya kuchimba. Bana kioo juu ya ubao, drili mwendo wa chini, inua kila baada ya sekunde chache isipate joto. Kwa kutanua kutoka 5.2 hadi 7, biti ya ngazi ni bora kuliko ya kawaida. Lisogeze tundu jipya upande ule ambao kioo kina nafasi, lakini ukingo wa kioo ubaki angalau umbali wa vipenyo viwili vya tundu. Sugua ndani ya tundu kwa msasa namba 400, kisha 800, mpaka ukucha usinase popote. Osha kwa maji na sabuni tu.

Gundi za kuyeyushia akriliki zipo na zinaunga kweli, lakini kwenye eneo lenye vistari tayari zitavizidisha. Mimi ningeliacha tundu la kuzuia wazi, au kulifunika kwa utepe angavu.

---

Kipepeo_Barafu

Kabla ya kufunga, jaribu washa zako za mpira. Ziweke kwenye friza usiku mmoja, nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha ubonyeze kwa ukucha mara tu unapozitoa. Zinazobaki laini ni sawa. Mpira wa aina ya EPDM na wa silikoni kwa kawaida hupita. Zilizokuwa ngumu kama plastiki huenda ni za plastiki laini ya PVC, na zikishakuwa ngumu bolti haina tena mahali pa kusogea.

---

Maabara_ya_Gereji

Na baada ya kufunga kuna njia ya kuuona mkazo kwa macho. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya kompyuta ya mkononi, iweke nyuma ya kioo, uvae miwani ya jua ya polaroidi na uinamishe kichwa mpaka skrini iwe nyeusi. Kwenye polikaboneti utaona rangi za upinde kwenye kioo kizima, hizo ni za kiwandani, zipuuze. Angalia mistari ya rangi iliyosongamana kuzunguka bolti. Legeza bolti moja robo mzunguko. Rangi zikibadilika ulikuwa umeikaza kupita kiasi. Akriliki huonyesha hafifu zaidi, utahitaji chumba chenye giza.

---

MwendoWastani

Na bolti nikiziona zimelegea baada ya safari ya kwanza?

---

Spana_Kumi

Kaza kwa vidole mpaka mpira uguse, nusu mzunguko, basi. Ikilegea tena badilisha nati, ile nailoni ya ndani huchoka ukiifungua mara nyingi.